Wanafunzi Thelathini na Wanane Ambao Hawakuwapo

1

Nchi yetu ina kasoro chache, na zote zimehesabiwa. Serikali yetu inahesabu mbuzi, madaraja, vyoo vya shule, na watu waliohudhuria sherehe za kuzindua vyoo hivyo. Anayetaka kujua idadi ya viti katika ofisi za umma ataipata, ikiwa imegawanywa kwa mikoa na kwa idadi ya miguu iliyobaki.

Miaka michache iliyopita hesabu hizo zilileta aibu. Taarifa ya sensa ilionyesha kwamba katika kata moja ya mji mkuu, ambako mabomba hayajatoa maji kwa muda mrefu, anaishi mtu mmoja mwenye visima vinne nyumbani kwake. Taarifa haikutaja jina. Ilisema tu: mmoja. Lakini majirani walimjua, kwa sababu kila asubuhi walimwona akiondoka kwa gari lenye bendera kwenda Wizara ya Maji.

Bunge lilisikitika sana. Halikusikitikia mabomba, lilisikitikia faragha. Ndani ya siku tatu likapitisha Sheria ya Kulinda Heshima ya Wachache. Ni sheria fupi na iliyoandikwa vizuri. Inasema kwamba kundi lolote lenye watu wasiozidi wanne lisiandikwe kwa tarakimu katika taarifa ya serikali, bali liandikwe kwa nyota. Msomaji akiona nyota hawezi kujua kama hao ni wanne au ni mmoja, na kwa hiyo hawezi kumwonea mtu. Waziri wa Maji alikuwa wa kwanza kulindwa, na analindwa mpaka leo.

2

Shule ya Sekondari Mbadala ya Ngarambo ni shule ya serikali. Iko nyuma ya ghala la pamba lililofungwa, na ina vyumba vitatu na wanafunzi thelathini na wanane. Ilianzishwa kwa ajili ya wale ambao shule nyingine zilishindwa kukaa nao. Inawafundisha kwa miaka miwili, kisha inawapeleka wote pamoja kwenye mtihani wa mwisho, mwezi wa Novemba.

Hapakuwa na wanafunzi wengi wa aina moja. Watatu walitoka machimboni. Wawili walitoka gerezani. Wanne walikuwa viziwi. Wengine walikuwa wachungaji wa mifugo, wakimbizi, watumishi wa ndani waliochoka kutumwa. Mmoja, Mzee Selemba, alikuwa mlinzi mstaafu wa miaka hamsini na sita, na wenzake walimwita Babu na kumnakilisha kazi zao, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri. Wanne walikuwa mama wenye watoto.

Mwalimu Mkuu, Bibi Zamoyoni Nandonde, alikuwa na sharti moja tu. Neno lolote litakalosemwa darasani kwa mdomo lisemwe pia kwa mikono. Aliomba mkalimani wa lugha ya alama akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, kwa hiyo akajifunza mwenyewe kutoka kwa wale viziwi wanne, na wengine wote wakajifunza pamoja naye. Baada ya mwaka mmoja shule nzima iligombana, ilichumbiana na kuwateta walimu kwa mikono. Palikuwa na utulivu ambao wakaguzi waliusifu.

Mmoja wa wale mama wanne aliitwa Sijaona Mkwinda. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mtoto wa miaka minne, Tegemea, ambaye alikulia kwenye mkeka nyuma ya darasa na kujua kuomba uji kwa vidole kabla hajajua kuuomba kwa ulimi. Sijaona alitaka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi hakimpokei mwombaji aliyetimiza miaka ishirini na miwili, na yeye angeitimiza mwezi wa Aprili, miezi mitano baada ya mtihani. Kwa hiyo mtihani wa Novemba hiyo ndio uliokuwa mtihani wake. Hapakuwa na mwingine.

3

Mwezi wa Machi Wizara ya Elimu na Maadili ilileta fomu mpya. Fomu ya zamani ilikuwa na safu mbili, wavulana na wasichana, na wataalamu walioikagua waliona kwamba haionyeshi sura halisi ya taifa. Fomu mpya ilikuwa na safu kumi na moja. Kila mwanafunzi aliwekwa katika safu moja tu, kwa sababu raia mmoja hawezi kuwa mahali pawili.

Mwalimu Nandonde aliijaza kwa uaminifu. Wazazi wanne. Viziwi wanne, katika safu iliyoitwa Wanaotumia Lugha ya Alama. Waliotoka machimboni watatu. Mwenye umri mkubwa mmoja. Aliendelea hivyo mpaka safu ya kumi na moja, na hakuna safu iliyofika watano. Aliituma.

Mfumo wa Wizara uliilinda heshima yao wote. Ulibadilisha safu zote kumi na moja kuwa nyota, kisha ukajumlisha nyota, na jumla yake ikawa sifuri.

Barua ilikuja baada ya wiki sita, pamoja na cheti chenye fremu. Cheti kiliipongeza shule kwa kuwa ya kwanza nchini kwa kutokuwa na mtoro hata mmoja. Barua ilieleza kwamba, kwa kuwa shule haina wanafunzi, haitapewa namba za watahiniwa.

4

Mwalimu Nandonde alikwenda wilayani na Sijaona. Alimchukua yeye kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora wa baiolojia, na kwa sababu alikataa kubaki.

Afisa Takwimu wa Wilaya, Bwana Evodi Kachwele, alikuwa mtu mwema. Alipokea shikamoo ya Sijaona, akawapa viti, akaisoma barua mara mbili huku akitikisa kichwa kwa huruma. Alisema barua haina kosa. Mwalimu alimwomba amtazame binti aliyeketi mbele yake na amwambie kama yupo.

"Mwanangu, mimi nakuona vizuri," Bwana Kachwele alimwambia Sijaona. "Tena umevaa sare safi. Tatizo si macho yangu. Mfumo ndio haujakuona."

Sijaona aliuliza mfumo unahitaji nini ili umwone.

"Wenzako wanne."

"Ninao watatu."

"Basi mtafute wa nne," alisema afisa, na akafurahi kwa kuwa tatizo lilikuwa dogo kiasi hicho.

Walipokuwa wakiondoka aliwakumbusha wasaini kitabu cha wageni. Walisaini. Baadaye ilijulikana kwamba ofisi ile siku hiyo ilikuwa na wageni wawili, na kwa hiyo haikuwa na mgeni.

5

Shuleni suala lilijadiliwa kwa mikono na kwa midomo. Ilionekana kwamba lazima mwanafunzi mmoja ahamie safu ya wazazi. Msichana mmoja alitazamwa, akasema asitazamwe.

Mzee Selemba akanyoosha mkono. Alisema ana watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, na kwamba kama hilo si uzazi basi aambiwe uzazi ni nini. Mwalimu aliichunguza fomu. Safu iliitwa Wanafunzi Wazazi. Haikusema mama, wala haikutaja umri. Mzee Selemba alihamishwa kutoka safu ya umri mkubwa, na jioni hiyo mama wale wanne walimpikia viazi na kumwita mama mwenzao. Alivumilia.

Fomu ilitumwa upya. Safari hii mfumo uliona tarakimu. Wazazi: watano. Jumla ya wanafunzi: watano.

Wale thelathini na watatu wengine walikuwa bado nyota, lakini Sijaona alikuwa mtu. Kwa siku tisa alisoma kwa moyo mweupe, na aliona haya kidogo kila alipowatazama wenzake.

6

Siku ya kumi taarifa ya robo mwaka ilichapishwa. Ilionyesha kwamba katika Shule Mbadala ya Ngarambo asilimia mia moja ya wanafunzi ni wazazi.

Taifa lilishtuka. Magazeti yaliandika kuhusu shule ambayo kila mwanafunzi anazaa. Mchungaji mmoja na sheikh mmoja, ambao hawakuwa wameonana kwa miaka mingi, walikutana kulaani. Redio ilimhoji daktari kuhusu maji ya Ngarambo. Wizara ya Elimu na Maadili ilitoa agizo: namba za watahiniwa zitazuiliwa mpaka kiwango cha uzazi shuleni hapo kishuke hadi wastani wa taifa, ambao ni asilimia nne, na Waziri mwenyewe atafika mwezi wa Agosti kuzungumza na wahusika.

Bwana Kachwele alifika kwa pikipiki kuleta agizo, na alileta pia ushauri, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Alimwita Mwalimu pembeni. Alisema mzazi mmoja akiondoka shuleni watabaki wanne, nyota itarudi, na kiwango kitakuwa hakijulikani, jambo ambalo serikali haijawahi kulilalamikia. Alidhani Sijaona ndiye angeelewa, kwa kuwa alionekana mwerevu.

Mwalimu aliuliza je, wanne wakibaki, shule itakuwa na wanafunzi wangapi.

"Hakuna," alisema Bwana Kachwele. "Lakini mtakuwa na sifa njema."

7

Mwalimu Nandonde hakulala mapema juma lile. Ndiye Sijaona aliyeichukua fomu kutoka mezani na kuisoma kama alivyozoea kusoma swali la mtihani, neno kwa neno, akitafuta linalodaiwa na lisilodaiwa.

Alisimama kwenye safu ya saba. Wanaotumia Lugha ya Alama. Aliuliza darasa, kwa mdomo na kwa mikono, ni nani kati yao asiyeitumia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata Mzee Selemba aliitumia, ingawa polepole na kwa makosa ya tahajia.

Wote thelathini na wanane waliandikwa safu ya saba. Haukuwa uongo. Mwalimu aliithibitisha fomu kwa saini yake. Shukuru, kiongozi wa wale viziwi wanne, alisimama mbele ya darasa na kuwakaribisha wenzake rasmi katika kundi lao. Alisema kwa mikono kwamba wamewasubiri muda mrefu, na kwamba wasiharibu jina.

Mfumo uliona thelathini na wanane. Kiwango cha uzazi kilikuwa sifuri. Namba za watahiniwa zilitolewa. Sijaona aliandika yake ndani ya jalada la daftari, kisha kwenye mkono, kisha kwenye ukuta wa nyumba ya mama yake.

8

Ziara ya Waziri haikufutwa. Hotuba yake dhidi ya wazazi ilikuwa imekwisha kuchapishwa, na katika nchi yetu kitu kilichochapishwa lazima kisomwe.

Alifika saa tano, akiwa na magari tisa. Aliambiwa kwamba wanafunzi wote wanatumia lugha ya alama, akauliza mkalimani yuko wapi. Wasaidizi wake walitazamana. Mwalimu Nandonde alimtoa Sijaona mbele.

Waziri alisema kwamba maadili ni nguzo, na nguzo ni mhimili, na mhimili ndio uti wa mgongo wa taifa. Alisema vijana wanaopata watoto mapema wanalichelewesha taifa katika safari yake ya kwenda mahali ambapo litatangaziwa. Alisema hivyo kwa dakika arobaini.

Sijaona alifikisha kwa mikono yake mzunguko wa damu. Mtihani ulikuwa umebaki na miezi mitatu, na alikuwa amehesabu kwamba dakika arobaini zinatosha kwa moyo, mapafu na figo, akiacha ini. Waziri aliponyoosha mkono juu, yeye alionyesha mshipa mkuu. Waziri alipopiga meza, valvu za moyo zilifunga. Wanafunzi walimfuata kwa macho makini. Wengine waliandika. Shukuru aliuliza swali kuhusu mishipa midogo, na Sijaona alimjibu.

Waziri alikuwa amehutubia mikutano mingi, na hakuwa amewahi kuona watu wakiandika. Mwishoni aliiweka hotuba kando na kumshika Sijaona bega.

"Mtazameni binti huyu," alisema. "Ingawa hasikii, amefikisha kila neno nililolisema."

Meza kuu ilipiga makofi. Hakuna aliyeona lililopungua katika sentensi hiyo, na aliyeliona alikuwa na familia ya kulisha. Papo hapo Waziri alitangaza kwamba binti huyo akifaulu atakuwa muuguzi kiziwi wa kwanza katika historia ya nchi, na kwamba yeye mwenyewe atafuatilia. Sijaona alikuwa na sekunde chache za kufungua kinywa. Aliwatazama wenzake, akaona wote wanamtazama mikononi.

9

Mtihani ulifanyika. Walifaulu thelathini na mmoja, akiwamo Mzee Selemba, aliyepata alama ya juu kwa mwandiko ingawa mwandiko haukuwa somo. Sijaona aliongoza mkoa kwa baiolojia. Vyeti vilikuja vikiwa na neno moja chini ya jina la kila mtu, kwa wino mwekundu: Kiziwi. Pamoja na cheti cha Sijaona ilikuja barua ya chuo cha uuguzi. Alikuwa amepokelewa kwa agizo la Waziri.

Alikwenda wilayani peke yake. Alimwambia Bwana Kachwele kwamba amefaulu kwa haki, umri wake unakubalika, na anaomba neno lile lifutwe ili aingie chuoni kama watu wengine.

Bwana Kachwele alikuwa amechoka. Alimweleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda hospitali. Neno likifutwa kwa mmoja, safu ya saba itakaguliwa. Wakaguzi hawasomi safu inaitwaje, wanasoma kilichoandikwa kwenye vyeti. Watakaguliwa wote, masikio yatapimwa, watabaki wanne. Wanne ni nyota. Shule itakuwa haikuwa na watahiniwa, na vyeti thelathini na kimoja vitakuwa vimetolewa kwa hakuna.

"Kozi ni miaka mitatu," alisema. "Si mingi, mwanangu. Usigeuke tu mtu akikuita."

Sijaona aliuliza kama kuna njia nyingine. Afisa alisema kwamba ipo, ya kuandika ombi, na kwamba ombi lingepokelewa.

Siku ya kuripoti chuoni, mwezi wa Januari, mama yake alimsindikiza mpaka getini, akiwa amemshika Tegemea mkono. Msajili wa chuo alikuwa amesimama ndani ya geti pamoja na mpiga picha wa Wizara. Alimsalimu Sijaona kwa sauti kubwa sana na kwa upole mwingi, akitamka kila herufi. Sijaona alimtazama midomo, akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kumuaga mtoto nyumbani, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Alichukua sanduku lake kwa mkono wa kushoto akaanza kwenda.

Alikuwa amefika hatua kumi hivi Tegemea alipomwita.

Aliita mara ya kwanza kama mtoto anayekumbusha kitu. Mara ya pili aliita kwa nguvu, na wapita njia waligeuka. Mpiga picha aligeuka. Msajili aligeuka, kisha akamtazama Sijaona usoni ili aone. Sijaona alikuwa anatembea. Uso wake haukubadilika, wala hatua zake hazikupungua. Mara ya tatu mtoto alikuwa analia, na neno mama lilitoka vipande vipande.

Mkono wa kulia wa Sijaona ulikwenda nyuma, ukalala kwenye mgongo, mahali ambapo walio mbele yake hawakuweza kuona. Vidole vilicheza kidogo, vikatulia. Akaingia mlangoni.

Tegemea alinyamaza. Alifuta pua kwa mkono wa gauni lake.

Bibi yake hakuwahi kujifunza lugha ile. Aliinama akamuuliza mama amesema nini.

"Amesema amenisikia," alijibu mtoto.